MATEMBEZI YA BASKELI HADI VILIMA VYA KIDICHI: UFAFANUZI KWA WATUMISHI NA WAKAAZI WA MJI



Ukurasa huu aghlabu hubeba matangazo ya Serikali, taratibu za kazi na ufafanuzi wa kanuni. Safari hii unabeba ufafanuzi wa jambo la mapumziko, nalo ni matembezi mafupi ya baskeli kutoka Mjini hadi Kidichi kwa njia ya Bububu, kisha kurudi. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo kwa ukurasa kama huu. Hata hivyo baskeli ni chombo kilichomo katika majumba mengi ya hapa kwetu, na watumishi wengi huitumia kwenda afisini katika barabara za tambarare za Mjini bila ya tatizo lolote. Mtu huyo huyo akiipeleka baskeli yake katika mteremko mrefu, hukutana na mambo ambayo tambarare haikumfundisha. Baadhi ya mambo hayo yanaweza kumvunja mkono, au kumuumiza mtoto wa mtu aliyekuwa akivuka njia kwenda chuoni.

Inafaa ifahamike kwanza kwamba Unguja si kisiwa cha milima. Sehemu iliyoinuka kuliko zote ni ule mgongo wa ardhi wa Masingini na vilima vinavyofuatana nao upande wa kaskazini hadi Kidichi, na pote hapo hapafiki mita 200 juu ya usawa wa bahari. Mgeni aliyeiona Kilimanjaro atacheka akisikia tukiviita vilima. Aichukue baskeli ya giya moja, yenye uzito wa kilo 20 hivi, aanze kupanda kutoka Bububu saa 4:00 za asubuhi mwezi wa Februari, kisha tumuulize tena.

Njia yenyewe

Mwanzo mzuri ni Darajani, mbele ya soko lililofunguliwa mwaka 1904, na wakati mzuri ni saa 12:30 asubuhi, kabla ya magari ya abiria kuchanganya na kabla ya jua kupanda. Mpandaji hufuata Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo watu wa makamo bado huiita Kriki Rodi, akaelekea kaskazini kwa Kinazini. Kutoka hapo hadi Bububu ni kiasi cha kilomita 10, zote karibu tambarare, bahari ikiwa mkono wa kushoto. Huu ndio wakati wa kuupasha mwili moto. Mwenye haraka ya kuonesha nguvu zake baina ya Kinazini na Maruhubi hujuta baadaye.

Njiani kuna mengi ya kutazamwa bila ya kushuka. Nyumba ya ghorofa iliyo karibu na barabara ilijengwa kiasi cha mwaka 1860 katika zama za Sayyid Majid, na David Livingstone alikaa humo mwaka 1866 akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara. Maruhubi yapo magofu ya kasri alilolijenga Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899. Nguzo nene zilizobaki zilibeba baraza lake pana. Mbele kidogo ni Mtoni, makaazi ya Sayyid Said bin Sultan, alikozaliwa mwaka 1844 binti yake Sayyida Salme, ambaye aliondoka Unguja mwaka 1866 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete.

Baada ya Kibweni na Beit el Ras hufikiwa Bububu. Hapa tusimame kidogo, maana pana hadithi inayopendwa sana na wenye kuwatembeza wageni. Kuanzia mwaka 1905 palikuwa na reli ya kutoka Mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, na treni zake zilipita hata katika njia nyembamba za Mji Mkongwe. Huduma ya abiria ilikwisha katika miaka ya 1920. Basi husemwa kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa treni hiyo. Hadithi ni tamu, ila haiwezi kuwa kweli. Sayyida Salme alikuwa na nyumba ya shamba hapo hapo, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886 anapataja mahali hapo kwa jina hilo hilo la Bububu, miaka 19 kabla ya reli kuwekwa. Wazee wanaosema kwamba jina ni la mlio wa maji ya chemchem yanayobubujika wana hoja yenye uzito zaidi.

Na chemchem zipo kwa sababu. Ardhi ya mashariki ya Unguja ni uwanda wa mawe ya matumbawe, ambapo mvua hupotea katika nyufa mara inaponyesha. Upande wa magharibi vilima ni vya udongo wenye kina, kichanga mahali pengi, na mabondeni ni kinamo. Mvua inayonyesha juu ya vilima huzama polepole, ikahifadhika chini kwa chini, kisha ikatokeza miguuni mwa vilima. Sayyid Barghash, aliyetawala baina ya 1870 na 1888, ndiye aliyeyaleta maji ya chemchem za huku hadi Mjini kwa mfereji, na watu wakaanza kupata maji safi mitaani badala ya kutegemea visima vya chumvi na mitungi ya wachukuzi. Msitu wa hifadhi wa Masingini ulio juu ya mgongo huo umewekwa chini ya ulinzi kwa sababu hii ya vyanzo vya maji. Ukikatwa, au njia zake zikichimbwachimbwa hadi udongo ukachukuliwa na mvua, maji huteremka baharini kwa siku moja badala ya kuzama ardhini. Kwa hivyo mwenye baskeli asijikatie njia ndani ya msitu, hata akiona kijia kinavutia. Anayetaka kuingia humo aombe ruhusa kwa wahusika wa misitu, aende kwa miguu na apite katika njia zilizowekwa. Tairi la baskeli likipita mara nyingi katika mteremko wa kichanga huacha mfuo, na mfuo mmoja hugeuka mtaro katika Masika moja tu.

Katika kituo cha polisi cha Bububu mpandaji huiacha barabara kuu, akapinda mkono wa kulia kuelekea mashariki. Kilomita 3 hadi 4 zilizobaki ndizo zenye kilima.

Kupanda

Wengi hudhani kupanda kilima ni kazi ya nguvu za miguu. Kwa hakika ni kazi ya hesabu. Baskeli ya kawaida ya giya moja ina gurudumu la mbele la mnyororo lenye meno 48 na la nyuma lenye meno 18. Maana yake ni kwamba pedeli zikizunguka mara moja, tairi huzunguka mara mbili na theluthi mbili, na baskeli husonga karibu mita 6. Katika tambarare hiyo ni neema. Katika mpando wa mita 5 kwa kila mita 100, mzunguko mmoja wa pedeli hulazimika kuinua mtu na chombo chake, tuseme kilo 90 kwa jumla, kiasi cha sentimita 30. Hiyo ni sawa na kukiinua kitu cha kilo 90 hadi chini kidogo ya goti kwa kila mzunguko, na mizunguko iko mingi.

Baskeli ya giya nyingi haipunguzi kazi yenyewe. Inaigawa tu. Mwenye kutumia giya ndogo kabisa, ambapo meno ya mbele na ya nyuma yanalingana, husonga kiasi cha mita 2 kwa mzunguko na huinua mzigo ule ule kwa sentimita 10. Atazungusha mara tatu zaidi ya jirani yake, lakini kila mzunguko ni mwepesi mara tatu. Magoti hupenda mizunguko mingi myepesi kuliko michache mizito, na ndiyo sababu mtu wa umri wa miaka 50 na zaidi, akipata baskeli ya giya, humpita kijana mwenye baskeli ya giya moja katika kilima hiki bila ya kutoka jasho jingi.

Mwenye giya moja asivunjike moyo. Dawa yake ni kushuka na kuikokota baskeli pale mpando unapozidi, nalo si jambo la aibu. Wakulima wa Kidichi na Kizimbani wamekuwa wakipandisha baskeli zenye mashada ya ndizi na mapolo ya machungwa katika njia hii hii miaka nenda miaka rudi, na wao hukokota. Kumsimamia mtu juu ya pedeli, akiyumba kulia na kushoto mbele ya gari linalotaka kupita, ni kujitafutia balaa kwa ajili ya majisifu ya dakika tatu.

Kuhusu faida ya mwili, tusizidishe chumvi. Kupanda mita 100 kwa mtu na baskeli ya kilo 90 ni kazi ya juli 88,000 hivi. Mwili wa mwanadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo na iliyobaki huwa joto, kwa hivyo gharama yake halisi ni kiasi cha kilokalori 84, pungufu ya chapati moja. Anayepanda Kidichi kisha akajihalalishia sahani mbili za biriani atakuwa amekosea hesabu. Faida iko katika mwendo wenyewe na katika kuurejea kila wiki. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Mtumishi anayekaa kitini kutoka asubuhi hadi alasiri, akarudi nyumbani kwa gari, hazipati dakika hizo hata kwa bahati. Matembezi haya, kwenda na kurudi, ni pungufu ya kilomita 30; kwa mwendo wa wastani wa kilomita 12 kwa saa huchukua saa mbili na nusu za kukanyaga, na hiyo peke yake ni kiwango cha chini cha wiki nzima.

Kipimo cha mazoezi ya wastani ni chepesi na hakihitaji chombo: mtu aweze kuzungumza na mwenziwe, ila asiweze kuimba. Akishindwa kuzungumza apunguze mwendo au akokote. Mwenye maradhi ya moyo, presha au sukari aonane na daktari wake kabla ya kuanza, na mwenye sukari achukue kitu kitamu mfukoni. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama, na baada ya kusimama atafutwe msaada, hata kama Kidichi inaonekana kwa macho.

Juu ya kilima kuna yale mahamamu ya Kiajemi, nayo ndiyo kikomo cha safari. Sayyid Said aliyajenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, ili wapumzike humo baada ya kuwinda na kutembelea mashamba. Bibi huyo, kwa maelezo ya Sayyida Salme, alikuwa mpenda farasi na uwindaji kuliko mambo ya ndani, jambo lililowashangaza watu wa Unguja wa wakati ule. Kuta na majumba ya kubba ndani yake yamepambwa kwa nakshi za chokaa zenye miti, maua na ndege, kinyume na desturi ya majengo ya Waomani wa hapa ambayo aghlabu hayakuwa na mapambo mengi. Baskeli iachwe nje. Nakshi zisiguswe, kwani jasho la mkono linaila chokaa, na waliotutangulia wamekwisha kuigusa vya kutosha.

Ardhi inayozunguka hapo ni ya viungo na matunda. Kizimbani, mbele kidogo, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kupandwa mikarafuu katika kisiwa hiki, mapema katika karne ya 19. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ilhali Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Iliyobaki huku bado inatoa harufu wakati wa mavuno, na wenye mashamba huianika karafuu juu ya majamvi kando ya njia. Asiyeangalia anaweza kupitisha tairi juu ya jasho la mtu la wiki nzima.

Jambo moja la adabu. Njia ya shamba si barabara ya Mjini, na anayepita kimya juu ya baskeli, kichwa kimeinama, huhesabiwa kuwa mtu asiyelelewa. Mzee aliyekaa barazani hutolewa Shikamoo hata kama mpandaji anahema. Mavazi yawe ya heshima. Akina mama na mabinti wanaopanda, nao ni haki yao, wahakikishe baskeli ina kibati cha kufunika mnyororo na wavu wa kuzuia nguo gurudumu la nyuma, kwa kuwa ncha ya buibui ikishikwa na spoki humwangusha mtu kabla hajafahamu kimetokea nini. Hali kadhalika mwanamume mwenye kanzu aikunje na kuifunga kiunoni, au abakishe kanzu kwa siku nyengine.

Kuteremka

Tumefika katika sehemu iliyotufanya tuandike makala haya. Watu hukiogopa kilima wakati wa kupanda, hali ya kuwa wakati huo hatari ni ndogo: mtu anakwenda mwendo wa miguu, na akianguka huanguka kama aliyeteleza uani kwake. Hofu inafaa iwekwe wakati wa kurudi, pale mtu amepumzika, amekunywa dafu, upepo unampiga usoni na baskeli inakwenda yenyewe.

Zile juli 88,000 alizozitumia kupanda hazikupotea. Zimo katika mwili wake na chombo chake, na katika mteremko zinadaiwa zote. Zitakwenda ama katika mwendo ama katika breki. Kama upepo haukuchukua sehemu yake, joto ambalo raba za breki na rimu zitalibeba kutoka juu hadi chini linatosha kuchemsha bilauri nzima ya maji. Raba zilizolika hadi kwenye kibati haziwezi kazi hiyo.

Aidha, mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne. Mtu anayeweza kusimama ndani ya mita 6 akiwa katika kilomita 20 kwa saa atahitaji mita 24 akiwa katika kilomita 40, na katika mteremko huhitaji zaidi ya hizo, kwa sababu uzito wake unaendelea kumsukuma. Juu ya hayo kuna ule muda ambao jicho limeona na mkono haujabana. Katika kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ni mita 11. Mtoto anayetoka baina ya migomba hahitaji mita 11 kuwa katikati ya njia. Tukumbuke kwamba asubuhi za Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watumishi wana wasaa wa matembezi, ndizo siku ambazo watoto wa vijiji hivi wako njiani kwenda na kutoka chuoni.

Sasa kuna khatari ambayo wengi hawaijui, na inahusu hasa zile baskeli nzito za kizamani zenye breki za vyuma, ambazo mkono wa breki unapobanwa huvuta fito za chuma, nazo zikazivuta raba mbili kusugua rimu kwa upande wa ndani. Rimu zake ni za chuma kilichopakwa kromu ya kung'aa. Zikiwa kavu, breki hizo ni za kuaminika kwa mwendo wa mjini. Zikirowa, maji hukaa kama utando baina ya raba na chuma laini, na raba huteleza. Mtu hubana kwa nguvu zake zote na baskeli isimsikie. Umbali wa kusimama huwa mara kadhaa ya ule wa kawaida. Rimu za aluminiamu, ambazo zimo katika baskeli nyingi za giya, hupungukiwa pia zikirowa, lakini si kwa kiasi hicho. Na mvua ya Unguja haitoi taarifa: huku juu wingu moja hushuka kwa dakika kumi, kisha jua likatoka kana kwamba halikuwahi kuondoka.

Kwa mnasaba huu, mwenye baskeli ya rimu za chuma akikutwa na mvua juu ya kilima asiteremke akiwa juu ya baskeli. Akokote hadi Bububu. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu, au pungufu, na ni bora kuliko njia nyengine yoyote ya kufika huko. Kama mvua imekwisha na njia imekauka lakini rimu bado zina maji, abane breki kidogo kidogo akiwa bado katika mwendo mdogo ili raba zifute maji, na asiachie mwendo mpaka azisikie zinashika.

Hata katika ukavu pana namna ya kuteremka. Mwendo hudhibitiwa tangu juu, mapema, kabla haujakua. Kujaribu kuukamata katikati ya mteremko ni sawa na kumkimbilia ng'ombe aliyekwisha kukata kamba. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa kuwa uzito husogea mbele wakati wa kusimama, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo inayoweza kumpindua mtu akiibana ghafla peke yake. Zitumike zote mbili, ya nyuma ikitangulia, kiwiliwili kikirudishwa nyuma juu ya kiti na mikono ikiwa imenyooka kiasi. Kabla ya kona mwendo uwe umekwisha kupunguzwa; ndani ya kona, hasa penye kichanga kilichomwagika juu ya lami, kubana breki ndiko kunakoliangusha tairi la mbele. Mpandaji abaki upande wake wa kushoto hata kama njia inaonekana tupu, kwani magari yanayopeleka wageni kwenye mashamba ya viungo hupanda njia hii kila siku na madereva wake hawategemei kumkuta mtu katikati. Kengele ipigwe kabla ya kona na penye nyumba.

Kumpakia mtu kwenye keria katika mteremko huu hakufai kabisa. Abiria huongeza uzito bila ya kuongeza breki, na akitikisika nyuma, aliye mbele hapati usukani. Anayetaka kwenda na mwanawe amchukulie baskeli yake mtoto, au wamalizie matembezi yao Bububu ufukweni, nako kuzuri.

Matayarisho ya jioni ya kuamkia safari hayachukui nusu saa, na mengi yanaweza kufanywa nyumbani. Gurudumu la mbele liinuliwe na kuzungushwa, breki ibanwe. Raba zote mbili ziguse rimu kwa pamoja na zisiguse tairi. Raba iliyobaki unene wa chini ya milimita 3 ibadilishwe. Bei yake haifiki nauli ya kwenda hospitali. Kisha mtu asimame kando ya baskeli, abane breki ya mbele na kuisukuma mbele kwa nguvu: tairi la mbele lisizunguke hata kidogo. Afanye hivyo hivyo kwa ya nyuma. Nati za magurudumu zikazwe. Usukani ujaribiwe kwa kubana tairi la mbele baina ya magoti na kuuzungusha. Ukizunguka peke yake, fundi aukaze kabla ya safari. Matairi yajazwe upepo vizuri, kwa sababu tairi laini hufanya mpando kuwa mzito na katika shimo hupata pancha upesi. Pampu, kiraka na gundi vichukuliwe. Mafundi baskeli wapo Bububu, ila juu ya kilima mtu hujitegemea.

Wakati bora wa mwaka ni Kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba, jua likiwa jepesi na mvua chache. Katika Kaskazi joto ni kali, hivyo safari ianze mapema zaidi na maji ya kunywa yasipungue lita moja kwa kila mtu. Wakati wa Masika, kwa mwenye rimu za chuma, matembezi yaishie Mtoni au Bububu.

Baada ya kurudi, vumbi na kichanga vifutwe kwenye mnyororo kwa kitambaa kikavu na mafuta mepesi yatiwe, tone moja kwa kila pingili, kisha yaliyozidi yafutwe. Mafuta yasifike kwenye rimu. Yakifika, yaondolewe kwa maji ya sabuni na rimu ikaushwe, na breki zijaribiwe tena papo hapo uani kabla ya baskeli kutumiwa siku ya Jumatatu.